Breki Aliyoikanyaga Mwalimu Vioo

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Pingamizi la tiketi ya barabarani aliyoandikiwa mwalimu wa udereva
Shahidi: Anafahamika kama Mama Cherehani
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi cherehani, hushona sare za shule
Makazi: Nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu
Uhusiano na mlalamikiwa: Mke wake
Tarehe ya kuandikwa: Alhamisi, 20 Machi

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu na hakuna aliyenilazimisha. Yupo aliyejaribu kunizuia, lakini huyo nitamfikia.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Mji mzima unamwita Mwalimu Vioo, kwa sababu hilo ndilo neno analowaambia wanafunzi wake kutwa nzima: vioo, vioo, tazama vioo. Hata mimi alinifundisha yeye, kabla hajanioa. Nina leseni halali. Nimempa afande aikague, na naomba nirudishiwe nikiondoka.

Gari tunalozungumzia ni la shule ya udereva. Lina breki mbili, moja ya anayeshika usukani na nyingine upande wa pili, miguuni mwa mwalimu. Mwenye shule anaturuhusu kulitumia siku za Jumamosi, na Jumamosi ninaendesha mimi. Mume wangu husema wiki nzima mguu wake umening'inia juu ya breki, kwa hiyo siku hiyo anaupumzisha. Si kweli. Mguu ule haupumziki. Hata akiwa kwenye kochi, gari likienda mbio kwenye runinga, utamwona anakanyaga zulia.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Machi, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa naendesha gari hilo kupeleka sare shuleni. Mume wangu alikaa kiti cha kushoto. Sare zilikuwa kiti cha nyuma, nimezipiga pasi na kuzikunja mwenyewe. Tulifika kwenye taa za sokoni zikiwa nyekundu, nikasimama. Kushoto kwetu lilisimama lori la mchanga. Taa ilipowaka kijani nilitazama vioo kama nilivyofundishwa, nikaondoa gari. Hatujafika popote, gari likasimama ghafla na injini ikazima. Mimi sikukanyaga breki. Aliyekanyaga ni mume wangu.

Sare ziliporomoka zote. Niligeuka nyuma kuzitazama na, sitaficha, nilimsema. Nilimwambia mguu wake siku moja utatuvunjia ndoa. Magari ya nyuma yalikuwa yanapiga honi. Nilipogeuka mbele barabara ilikuwa tupu. Ng'ambo ya kulia niliona bwana mmoja amejitwika godoro lililomfunika mpaka machoni, amemwinulia mume wangu mkono. Nilidhani ni mwanafunzi wake wa zamani, maana nusu ya mji inamsalimia. Mume wangu naye aliinua mkono, akaushusha, akasema, "Washa twende, mama." Sauti yake haikuwa ya kawaida. Nilidhani amechukia kwa vile nimemsema.

Nilivuka taa nikaegesha pembeni. Nilishuka kupanga sare upya, nikawa nimeingiza kichwa mlango wa nyuma, ndipo afande wa barabarani alipotufikia. Alikuwa amesimama upande wa pili wa lori na nadhani aliona tu gari likisimama kwenye taa ya kijani na kufunga njia. Aliuliza dereva ni nani. Mume wangu alijibu, "Mimi, afande." Nikafungua mdomo, naye akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi wanaotaka kubadili gia kabla ya wakati. Nikanyamaza. Akaandikiwa tiketi.

Njiani nilicheka. Nilidhani ni mazoea ya kazi, kwa sababu yeye huwaambia wanafunzi wake kwamba ndani ya gari lile mwenye breki ndiye dereva, na wao ni wageni walioshikishwa usukani. Nilimwambia atapeleka mazoea yake mpaka kaburini. Yeye hakucheka.

Jumatatu mwenye shule alituambia kwamba mwalimu akikubali kosa la namna hiyo, kibali chake cha kufundisha hakitolewi tena. Mume wangu hana kazi nyingine anayoijua, na wala haitaki. Mtu huyu akipita barabarani akaona gari limeegeshwa vibaya hukosa raha mpaka jioni. Nilimwambia tutafute wakili. Akasema hapana, atalipa faini, yaishe. Nilimwambia ikiisha hiyo na yeye ataisha, kisha nikachukua mkoba wangu. Alinifuata.

Wakili tuliyemwendea alikuwa mwanafunzi wake. Mume wangu ndiye aliyempachika jina la Zimazima, kwa jinsi alivyokuwa akizima injini kila mlimani, na dada huyo hajamsamehe. Alitupokea kwa heshima zote. Alimwambia, "Mwalimu, leo zamu yangu. Kaa, funga mkanda, na unijibu ninachokuuliza." Alitueleza kwamba kulipa ni kukubali kosa. Kupinga kunawezekana, lakini lazima tuseme ni kwa nini gari lilisimama. Kisha akamuuliza kwa nini alikanyaga breki.

Mume wangu alitazama dirishani. Alisema mguu ulimteleza tu.

Wakili aliweka kalamu chini. Alisema kama ni hivyo hana cha kupeleka mbele ya hakimu, na atakuwa anatudanganya akituambia tupinge. Tulitoka mle ofisini tumenyong'onyea. Mimi nilijua ni uongo. Mguu wa mume wangu umenikera miaka mingi, lakini kuteleza haujawahi.

Jioni hiyo nilimkuta jikoni anaosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha. Nilimwambia mimi ni mke wake, si trafiki, aniambie. Alikung'uta maji mikononi, akasema, "Yule bwana wa godoro alipita mbele ya lori. Niliona miguu yake chini ya bampa. Wewe ulikuwa unamwendea."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema hilo kwa wakili.

"Nikilisema, lazima niseme pia kwamba hukumwona. Sitasimama mbele za watu kusema hivyo juu yako."

Afande ameniuliza nilijisikiaje. Nilikaa juu ya ndoo. Kwanza nilimwona yule bwana na godoro lake, na mkono alioinua, nikaelewa alikuwa anashukuru. Baadaye ndipo nilipomwona mume wangu. Kila anayejifunza kwake huambiwa kuna mwanamke mmoja mjini anayejua kuendesha gari, na anamaanisha mimi. Wanafunzi wake huja dukani kwangu kunitazama tu. Alikuwa tayari kupoteza kazi aipendayo ili maneno hayo yabaki vilevile. Nilikasirika na nikampenda kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi. Nikaanza na kukasirika, kwa sababu hilo nimelizoea.

Jumatano nilikwenda kwa wakili peke yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani na kuipangusa muda mrefu. Alisema sasa kuna cha kupinga. Pia alinionya, "Mama, ukisema hivi wanaweza kumwachia yeye wakakugeukia wewe. Fikiri kwanza." Nilimwambia nimefikiri. Nikigeukiwa nitashona sare nikiwa sina leseni, cherehani haina magurudumu. Yeye bila kile kiti cha kushoto nitamweka wapi?

Mume wangu aliposikia alikataa. Alisema nimekwenda kinyume chake, na kweli nilikwenda. Siku mbili tulizungumza kwa habari za chumvi na sabuni tu. Usiku wa pili aliniambia kwamba hata yeye kutoka kiti changu asingeiona ile miguu, lori lilikuwa linaziba. Nilimwambia hayo akayaseme yeye, hakimu atapima. Mimi nitasema ninayoyajua. Alikubali kwamba tupinge, lakini leo asubuhi bado alijaribu. Alisema mvua itanyesha, nije siku nyingine. Jua lilikuwa linawaka. Nilipofunga kiatu alinipa ufunguo wa gari, ambalo mwenye shule alituazima kwa leo, nami nikauchukua.

Kwa hiyo naomba iandikwe wazi. Siku ile usukani ulikuwa mikononi mwangu. Taa ilikuwa kijani, na mbele yangu alikuwapo mtu ambaye mimi sikumwona. Mume wangu alimwona. Gari lilisimama kwa mguu wake, na lilisimama palipostahili. Aliposema yeye ndiye dereva alikuwa ananikinga mimi, wala hakukusudia kumchezea afande wa barabarani. Kama hilo nalo ni kosa, wakili yupo, atalijibu.

Nimesomewa maelezo haya. Afande alikuwa ameandika kwamba "sikumwona vizuri." Nimemwomba alifute neno la mwisho, naye amelifuta. Hayo ndiyo niliyoyaona, pamoja na yule ambaye sikumwona.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa aliyeandika: Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, akayathibitisha. Neno moja limefutwa kwa ombi lake na sote wawili tumetia sahihi pembeni. Leseni yake nimemrudishia. Nilimsindikiza hadi nje kuthibitisha gari linalohusika. Nililikuta limeegeshwa sawasawa, injini imezimwa. Mume wake alikuwa ndani akimsubiri, amekaa kiti cha kushoto, mkanda ameshaufunga.