Heulwen, Jina Lako Halitaandikwa Ukutani kwa Idwal

Mwaka mmoja umetimia, dada yetu Heulwen Pritchard, tangu homa ya uti wa mgongo ikutoe kwetu ndani ya siku mbili tu, ukiwa na miaka ishirini na saba.

Ulikuwa mcheshi. Ulipiga mswaki umesimama kwa mguu mmoja. Mvua ikinyesha wiki nzima hapa bondeni ulisema, "Leo mbingu zimejitahidi." Aliyebisha hodi alipewa chai kabla hajaeleza shida yake.

Ulianza jimnastiki ukiwa na miaka sita. Ulizunguka kwenye vile vyuma viwili vya kuning'inia, kimoja juu kimoja chini, kama nguo inayopigwa na upepo kambani, ukawa bingwa wa Wales, ukavaa nyekundu ya nchi yetu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku hiyo mtaa mzima ulipiga masufuria. Mimi mdogo wako nilikuwa nakusubiri kwenye benchi la ukumbi kila jioni, na niliyoyaona pale nayasema leo.

Vyuma huchuna ngozi ya viganja. Kocha Idwal alikuwa na chupa ya jamu dirishani. Msichana akichunika, Idwal aliikata ile ngozi kwa mkasi, akamwambia aitie chupani mwenyewe, na wengine wapige makofi. "Usilie, bibie. Ngozi huota, medali haioti." Kisha unga wa chaki wa kukausha mikono juu ya kidonda, na kurudi kwenye vyuma. Ulinikataza nisiseme. "Mama akijua ataniachisha, Tegwen. Funga mdomo." Nikafunga.

Bega lilipokataa, ukaanza kufundisha watoto kumi na mmoja kwenye chumba cha nyuma cha kanisa la Bethania. Kwako, aliyechunika alipakwa dawa, akapewa biskuti, akaenda nyumbani. Wazazi wengine walinung'unika kwamba hivyo hatapatikana bingwa. Ukawajibu, "Basi watapatikana watu wenye mikono."

Kwenye mazishi yako Idwal alilia kuliko sisi. "Huyu nilimtengeneza mimi," aliwaambia watu, mdomo umejaa chakula chetu. Mwezi uliopita akamwita Mama. Ukumbi wake utaitwa kwa jina lako, sharti moja tu: wale watoto wako wahamie kwake. Mama alitamani. Jina la mwanawe ukutani, nani asingetamani? Tukaenda ukumbini kwake.

Mama akaiona chupa. "Idwal, hii nini? Maganda ya viazi?"

"Aa, Mama Heulwen! Hiyo ni mikono ya mabingwa. Ya binti yako imo. Nitaiweka hapo, chini ya jina lake."

Mama aliitoa chupa dirishani. "Alikuwa anashika kijiko kwa ncha za vidole," alisema. "Supu ya kondoo, mezani kwangu. Nikamwambia aache maringo."

"Ndiyo michezo, mama."

"Ndiyo uchafu! Na mimi kila Krismasi nakuokea mkate wa zabibu!"

Akaibeba chupa, tukatoka. Hatukujua kipande kipi ni chako na kipi ni cha wenzako, tukavizika vyote kando yako. Mchungaji hatukumwuliza.

Tusamehe, Heulwen. Mimi kwa kunyamaza, Mama kwa kutokuangalia viganja.

Watoto wako wamebaki Bethania. Kila Jumatano mlango nafungua mimi, na Lowri, aliyechunika pamoja nawe miaka ile, ndiye anayewafundisha. Wawili wameondoka kwenda kwa Idwal. Wazazi wao tumewaeleza yote. Walisema tuna wivu.

Ibada yako ni Jumapili hii, saa nne asubuhi, hapohapo Bethania. Wote wanakaribishwa. Idwal tumemwambia asije, na Baba atasimama mlangoni.

Unakumbukwa na mama yako Dilys, baba yako Emrys, bibi yako Olwen, mimi mdogo wako Tegwen, rafiki yako Lowri, na watoto tisa.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.