Mkate wa Uwele wa Bibi Sijaona

Sepuka,
2 Juni 2024

Asnath,

Umeniaibisha. Salamu zitakuja baadaye, kwanza lisikie hili. Umeandika jina langu kwenye kitabu chenu cha mapishi, jina lote, "Mkate wa Uwele wa Bibi Sijaona", halafu chini yake ukaandika uongo. Mama Mchungaji Joyce alikinunua hicho kitabu Singida mjini, akapika ukurasa wangu mimi, akatoa tofali. Amelileta hapa kwangu limefunikwa kitambaa, kaliweka mezani, kakaa, ananiangalia. Anasema, "Mama, nimefuata kila neno." Nikaligonga kwa ukucha. Likalia.

Nikamwambia aliyeandika ni mjukuu wangu, ana elimu, ndiyo maana hajui kupika.

Haya, salamu. Hujambo? Mumeo hajambo? Huko Mbagala bado mnatoka jasho? Sisi hatujambo. Baridi imeingia, upepo unamwaga vumbi mpaka kitandani. Yale mafua yaliyonishika Pasaka yameisha, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Babu yako Lazaro mzima, anakusalimu. Uwele tumevuna, alizeti bado inakauka.

Sasa nijibu. Nani alikwambia unga unalala usiku mmoja? Unga hauna saa. Unauchanganya na togwa, unaufunika, unakwenda kuunusa. Ukikuchoma puani umeiva, usipokuchoma unauacha. Na hivi vijiko vya nini? Kijiko cha chai, kijiko cha mezani, kama dawa ya hospitali. Mimi nimepika maisha yangu yote kwa kiganja hiki na hajafa mtu.

Mwisho wa mwezi wa saba ni Jumapili ya Mavuno. Unajua mkate wangu ndio unaofungua mnada pale kanisani, tangu baba yako ananyonya. Sasa Joyce na wenzake wananitazama kama mtu aliyekuwa akiwauzia uongo. Rekebisha hilo.

Usinipigie simu. Simu inakatika nikiwa bado nakukaripia.

Bibi yako,
Sijaona


Mbagala,
13 Juni 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Babu shikamoo yake. Sisi huku wazima, mume wangu anawasalimu sana, na jasho bado lipo. Nimefurahi kusikia mafua yameisha. Kikohozi hicho usikidharau, kunywa maji ya moto na asali. Na Babu, dawa zake za presha anakunywa?

Bibi, tofali la Mama Mchungaji ni kosa langu. Niseme lilivyotokea. Nilipokuja Desemba uliniambia, "Unalala, asubuhi unapika." Desemba kulikuwa na joto. Nikarudi huku nikajaribu mwenyewe, usiku mmoja tu unga ukafura mpaka ukainua mfuniko. Sikuifikiria kabisa baridi ya Sepuka mwezi wa sita. Mwambie Mama Joyce nimemwomba radhi, na mkate ule asiutupe, aulowanishe kwa maziwa, utalika.

Ila kwa vijiko sikubali. Unakumbuka nilivyokuwa nakukinga sahani? Kila ulipochota chumvi niliweka sahani chini ya kiganja chako, nikaipima kabla hujaimwaga kwenye unga. Ukanipiga na mwiko. Bibi, mara zote ilikuwa ile ile, kijiko kimoja cha chai, wala haizidi wala haipungui. Ndiyo maana nikaandika. Si kipimo cha hospitali, ni chako.

Tangu kitabu kitoke wanawake wananitumia ujumbe kila siku. Mmoja wa Temeke ameoka keki ya kwanza maishani mwake, kwenye sufuria yenye mchanga chini na mkaa juu ya mfuniko. Ikaiva. Akanipigia analia, nikadhani amefiwa. Mwingine anasema sasa wanawe wanarudi nyumbani kula badala ya kupitia chipsi. Na mwingine amepika mlenda wako akatia nyanya tatu. Nimemwambia hilo lisifike Sepuka, na sasa nimelifikisha mwenyewe.

Mjukuu wako,
Asnath


Sepuka,
25 Juni 2024

Asnath,

Hujambo mama? Sisi wazima. Babu yako dawa anakunywa, namsimamia mpaka ameze.

Nyanya kwenye mlenda. Huyo mwanamke mumewe bado yupo?

Nimekusikia kuhusu baridi. Nimekusamehe, lakini nusu. Joyce nimempa salamu zako, akasema tofali alishawapa kuku, nao wamelizunguka siku mbili.

Sasa nakuletea kitu. Amosi, yule kondakta wa basi, mtoto wa hapa hapa kwetu, anakuletea mkate nilioupika mimi, kwa kiganja, bila kitabu. Ule wewe, na hao wenzako mlioandika nao kitabu wale, wajue mkate ni nini. Mimi nimekula kipande kidogo tu, sina hamu. Siku hizi chakula chote kwangu ni kama natafuna karatasi, nadhani ni uzee.

Habari nyingine hakuna. Juzi maharage yaliungua mpaka moshi ukajaa nyumba, nami nimekaa pale pale jikoni napepeta uwele, sikujua mpaka Babu yako alipoingia anakohoa. Naye siku hizi anashiba upesi. Vitonge vitano, amesema asante, ameshika kata. Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Nikimuuliza anasema ni upepo wa kiangazi unakausha koo.

Uniandikie mkate ulikuwaje. Usinifiche.

Bibi yako,
Sijaona


Mbagala,
4 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Poleni na baridi. Sisi hatujambo.

Mkate umefika, Amosi aliubeba magotini njia nzima, hakuuacha uwekwe kwenye buti. Nimekaa na kalamu tangu mchana na karatasi mbili nimeshazichana. Umesema nisikufiche.

Bibi, mkate una chumvi mara mbili. Kwa sura ni ule ule, umeiva vizuri, umepasuka juu kama unavyopasuka siku zote. Lakini nilipotafuna ilikuwa ni chumvi tupu. Mume wangu alikula kipande, akasema asante, akaenda kunywa maji. Akarudi, akaenda tena. Nilipomwona anashika kikombe mara ya tatu nikamkumbuka Babu na kata yake.

Halafu nikakumbuka maharage. Nikakumbuka na karatasi unayoitafuna.

Nakuomba ufanye jambo moja. Chukua kitunguu, kikate, fumba macho, kinuse. Uniambie unasikia nini. Watu wengi yale mafua yamewaacha hivyo, pua na ulimi vinakwenda pamoja, na si kosa la mtu. Kwa wengine vinarudi, kwa wengine vinachelewa.

Nisingesema kama ingekuwa aibu tu. Babu ana presha. Chumvi hiyo anakula asubuhi na jioni, na kwa jinsi ninavyomjua hatakwambia.

Kwa mkate wa Mavuno tumia kijiko, Bibi. Nakusihi. Si chumvi ya kitabu, ni chumvi yako mwenyewe, niliiokota kwenye kiganja chako ulimi wako ukiwa mzima.

Usinikasirikie muda mrefu.

Mjukuu wako,
Asnath


Mbagala,
30 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo.

Barua haijaja. Amosi anasema alikukabidhi ile yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani bila kumpa hata maji. Nimepiga simu, Babu amepokea, akasema mko wazima, akasema "bibi yako yuko shambani". Ilikuwa saa mbili usiku.

Juzi ilikuwa Mavuno. Nimewaza juu ya mkate ule siku nzima.

Niliyoyasema siyaondoi. Lakini nakupenda, na unaweza kunikaripia kwa kurasa nyingi utakavyo, ilmradi uandike.

Asnath


Sepuka,
18 Agosti 2024

Asnath,

Hujambo? Mumeo hajambo? Sisi wazima, na Babu yako mzima, na alivyopimwa nitakueleza. Usiruke mistari.

Barua yako ya mkate niliitia chini ya godoro. Nilikasirika mno. Nilisema huyu mtoto amekula chipsi za Mbagala mpaka ulimi umeota kutu, sasa anataka kunifundisha chumvi. Kitunguu nilikikata. Machozi yalitoka kama kawaida, pua haikujua kitu. Nikasema ni kitunguu kibovu. Kitunguu cha Singida, nikakisingizia.

Nikaoka mkate wa Mavuno kwa kiganja.

Ulivyopendeza, ungeuona. Gabrieli mnadi akaunyanyua juu na sahani yake, akasema, "Mkate wa Mama Sijaona, nani ananifungulia?" Watu wakapandisha bei wanacheka, Joyce akashinda. Nadhani alitaka kunisafisha na aibu ya lile tofali lake. Akaukata pale pale kama ilivyo kawaida yetu, kila mtu kipande. Mimi husimama kando natazama midomo. Midomo ya watu kwenye mkate wangu huwa inakimbia. Safari hii ilisimama. Kwaya nzima imeshika mkate mdomoni kama imeambiwa ingoje. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililoniua. Wangesema, ningewajibu.

Babu yako akainuka kwenye benchi la wazee. Akasema anaununua uliobaki. Gabrieli akamwambia, "Mzee, huu umeshauzwa." Akasema, "Basi niuzie tena." Akaichukua sahani yote, akaketi nayo magotini, akaanza kula. Kipande hiki, na kile, taratibu, mbele ya kanisa zima, huku anatikisa kichwa kama mtu anayekula asali. Nilikwenda nikamnyang'anya. Akasema, "Niachie mama, bado nina njaa." Macho yalikuwa mekundu kwa chumvi.

Nyumbani nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema tangu Pasaka. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Ningesema ungeacha kupika. Halafu ungekaa hapo mlangoni unafanya nini?" Mtu mzima, ndevu zimeota mvi, anamaliza mtungi wa maji ili mimi nisijue. Nilimsema mpaka sauti ikakauka. Halafu nililia kidogo. Hilo usimwambie mtu.

Kesho yake nilimpeleka kupimwa. Presha ilikuwa juu sana, nesi alipima mara ya pili hakuamini. Wakamwongezea dawa, nikakaa wiki nzima nampikia vya kuchemsha visivyo na chumvi hata chembe, akala kama mfungwa. Sasa imeshuka. Nimemwambia nesi kosa ni langu, siyo lake, asimgombeze. Wa kumgombeza ni mimi.

Ilipofika Alhamisi nikakitoa kitabu chako. Nilikuwa nimekifanya mfuniko wa chungu. Nikatafuta ukurasa wangu. Nikasoma pole pole kwa kidole, kama tulivyosoma kwenye kisomo cha watu wazima. Ulivyoandika ni kama mimi ninaongea, isipokuwa umeondoa matusi. Kijiko cha chai sina, vyote vimepotelea misibani, nikaenda kuazima kwa Joyce. Akaniuliza cha nini. Nikasema cha dawa. Akanipa, akarudi kwenye kazi zake, ni mwanamke mwenye adabu, tofauti na nilivyokuwa nadhani.

Kunusa siwezi. Nikakaa naufikiria huo unga, nikakumbuka kwamba ukiiva unanong'ona. Nikaufunika, nikawa kila asubuhi natia sikio kwenye sufuria. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ukaanza, tss, tss, kama wanakwaya wanaotetana kanisani. Nikajua.

Chumvi nikaipima, nikapitisha kisu juu ikawa sawa. Halafu, kabla ya kuitia, nikaimwaga kiganjani nikaitazama. Ilikuwa ile ile. Kiganja hakikusahau, Asnath. Ila nilikuwa nikionja sisikii kitu, basi nachota ya pili.

Nikaoka mkaa juu, mkaa chini. Nikampa Babu yako, nikakaa mbele yake nautazama mtungi. Akala kipande. Akachukua cha pili. Akachukua na cha tatu, akajifuta mdomo, akauliza alizeti tutakamua lini.

Hakuomba maji.

Sasa sikiliza, maana karatasi inaisha. Kitabu kikichapwa tena, futa huo usiku mmoja, andika watie sikio. Jina langu libaki pale pale, kubwa. Yule wa nyanya tatu mwandikie asitumie jina langu. Na mkate na mlenda tu ndivyo ulivyonipimia. Kuku wangu hayumo, maharage hayamo, mchuzi wa vitunguu haumo, na ulimi sijui kama utarudi. Mikono bado ninayo. Omba ruhusa kwa mumeo, uje kabla mvua hazijaanza, uje na vijiko vyako vyote, uonje kila chungu changu na uandike, nami sitakupiga na mwiko. Cha Joyce lazima nikirudishe.

Usinijibu kwa barua. Panda basi.

Bibi yako,
Sijaona