Tarehe ya Kubadilishana

Jumapili, 26 Julai 1964
Ratiba nimemaliza kuipanga. Wiki ishirini hadi mtihani wa uhasibu, Jumatatu 14 Desemba. Masomo ya posta, vitabu kumi na viwili. Tunasoma wawili, ila kila jalada lina jina moja tu, la Amisi, karani mwenzangu, kwa sababu hatukuweza kulipia ada mbili. Mtihani kila mtu atafanya kwa jina lake. Yeye vitabu sita, mimi sita, tunabadilishana 4 Oktoba. Ananiita Bwana Ratiba. Acheke tu, ilimradi asome. Vyote tumeshavipitia pamoja mara moja: herufi zake kubwa zinajaza pembeni mwa kurasa. Zangu ndogo, zimelala upande, zinajibana katikati ya zake.

Ijumaa, 7 Agosti
Waasi wameshika mji. Ofisi imefungwa. Kitabu cha tatu, uchakavu wa mitambo. Nimesoma ukurasa mmoja mara nne. Sikuelewa kitu.

Jumatano, 19 Agosti
Wanatafuta makarani. Waliosoma ndio waliouza nchi, wanasema. Majumbani wanasaka vitabu, sokoni wanakagua vidole, na mwenye sugu ya kalamu anawekwa kando. Nalima nyuma ya nyumba kila asubuhi, hata pasipo na magugu. Viganja vimechubuka. Sugu ya kidole iko palepale. Naogopa. Naogopa sana.

Jumamosi, 22 Agosti
Nimempelekea Amisi vitabu vyangu sita. Nikamwambia ratiba imebadilika, tubadilishane mapema. Uongo. Vyake sikuvichukua. Nikasema nina mzigo, nitavipitia kesho. Uongo wa pili. Jalada lina jina lake, mimi simo.
Akavipokea kwa mikono miwili. "Bon, Bwana Ratiba. Wewe ndiye unajua."
Mkewe, Mama Zaina, akanipa kwanga, mkate wa muhogo, na samaki. Nikala. Nikashiba, tena nikashukuru.

Jumanne, 25 Agosti
Wamemchukua Amisi. Vitabu vyote kumi na viwili vilikuwa mezani. Lori limeshika njia ya Banalia, ya msituni.

Alhamisi, 27 Agosti
Nilijua. Siku ile napeleka vitabu, nilijua.

Jumapili, 4 Oktoba
Leo ndiyo tarehe ya kubadilishana. Ratiba bado iko ukutani, mkono unakataa kuibandua. Baiskeli ya Amisi ilikuwa na mnyororo unaolia, ukiusikia unaweka maji ya chai. Leo umelia mara mbili mbele ya mlango. Nimetoka mara mbili. Barabara tupu. Mama yangu anauliza natafuta nani.
Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Haya, mimi mwoga, kicheko changu kiko wapi?

Jumapili, 29 Novemba
Waasi wameondoka. Watu wanarudi kutoka porini, wamekonda. Amisi hakurudi. Waliokuwa naye katika lori hakuna hata mmoja aliyerudi.
Mama Zaina amekuja. Nilipomwona uani nilitaka kutokea mlango wa nyuma, ila alikuwa ameshaniona. Alikuwa na kitabu kimoja, vingine vyote walichoma. Hakutaka kukaa.
"Walifungua vitabu," alisema. "Wakauliza, hii maandishi iko mbili, ingine iko ya nani? Papa Zaina akajibu, yote iko yangu. Nikiandika polepole inakuwa kubwa, nikiandika mbio inakuwa kidogo. Wakamupiga. Wakamwambia, andika basi tuone. Akaandika. Kidogo kidogo, ya kulala. Donc wakaamini."
Akaweka kitabu juu ya meza.
"Ratiba yako inasema iko zamu yako."
Akaenda. Sijui anajua kiasi gani. Nadhani anajua yote.

Jumatatu, 14 Desemba
Mtihani haupo. Karatasi hazikufika, ndege haijaleta kitu.
Nimefungua kitabu alicholeta Mama Zaina, kwa mara ya kwanza. Pembeni mwa somo la mwisho kuna mstari wa herufi ndogo, zimelala. Hata mimi ningeapa ni zangu. Zinasema: Amisi, karani, baba ya Zaina.
Nimesoma somo moja, saa tatu hadi saa tano, kama ratiba ilivyopanga. Pembeni sikuandika kitu.