Sikusubiri Jibu

Jumatatu, 1 Desemba
Mwanzo wa mwezi, siku yangu ya kukagua kompyuta ya chama cha wakulima. Leo hakuna cha kukagua. Radi ya jana imeiunguza. Nikachomeka flashi ya akiba kwenye kompyuta yangu. Majina yanaishia Aprili. Walioomba miche ya kahawa baada ya hapo hayumo hata mmoja, na miche inagawiwa wiki ijayo. Asiyekuwamo kwenye orodha atangoja msimu mwingine.

Mwenyekiti akauliza kosa ni la nani. Nikasema labda Mama Oresta, karani, alikuwa akichomoa flashi mapema. Lilinitoka tu. Mama wa watu akainamisha kichwa.

Jumanne, 2 Desemba
Mvua kutwa. Nimeifungua programu yenyewe, inayonakili orodha kwenye flashi. Niliwaandikia kwa Foxpro, lugha ya kizamani. Hapa Mbinga nadhani nimebaki nayo peke yangu. Foxpro ina amri yake ya kunakili faili, na ikikwama inapiga kelele. Mimi nikataka kujionyesha fundi. Nikaita CopyFile, ya Windows yenyewe. Hiyo haipigi kelele. Inarudisha moja ikifaulu, sifuri ikishindwa, kuangalia ni juu yako.

Sikuangalia. Mstari unaofuata unaandika “Nakala imehifadhiwa”, liwalo na liwe. Aprili niliwabadilishia kompyuta, herufi ya flashi ikahama kutoka E kwenda F. Programu iliendelea kupeleka E. Miezi saba ya sifuri. Sawa na kumpa mzee shikamoo ukapita bila kusubiri marahaba.

Ni mimi. Si Mama Oresta.

Jumatano, 3 Desemba
Sijasema. Nimepita nyuma ya soko nisikutane naye. Mchana akamtuma mtu aniletee mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa ziwani kutoka kwa dada yake wa Mbamba Bay, na kikaratasi: “Mwanangu, nisamehe nimekuharibia kazi.”

Sikuweza kula. Kesho kamati inakaa kumwondoa. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimesema. Mbele ya kamati, yeye akiwepo. Nikaanza habari za Windows, mwenyekiti akanikatiza: “Kwa hiyo ulijua tangu juzi?”

Tangu juzi. Kosa la programu wangenisamehe. Hizo siku mbili, sijui.

Mama Oresta kabaki kazini. Hakunitazama.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimerekebisha. Sasa programu inasoma jibu. Ikikuta sifuri inasimama na kusema haijahifadhi. Kazi ya dakika tano. Dakika tano!

Jumamosi, 6 Desemba
Tangazo lilipita vijijini jana. Leo wakulima wamejaa barazani, wengine wametoka Kitai alfajiri, kuandikwa upya. Mama Oresta kwenye benchi, daftari la mkono mapajani.

Nikamwamkia shikamoo. Akaandika jina. Akaandika la pili. Nikabaki nimesimama, watu wote wananiangalia. Akaandika la tatu.

“Marahaba,” akasema, akasogea kidogo kwenye benchi.