Mama Mkwe Alileta Nyasi Kanisani

Mpendwa Koko wa gazeti, nyanya yetu sisi sote,

Naomba unisaidie, na naomba yule anayekusomea barua hii asiruke mahali hata pale nitakapoonekana mbaya, kwa sababu mimi ndiye Mugure wa Kitengela, yule uliyembariki pamoja na mume wangu Katoo hapo kwako Kimuka mwaka wa 2000, wakati watu wetu walikuwa wanasema Mkikuyu atateseka kwa Wamaasai, na sikuteseka, Koko, nilipata mama mkwe ambaye sijaona wa kufanana naye, alinifundisha kuosha kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto bila kunicheka, akalala siku tatu kwa benchi ya hospitali nilipokuwa najifungua, na huyo ndiye nimemkosea.

Mimi ndiye naongoza praise and worship, kusifu na kuabudu, kwa kanisa letu la mabati hapa Kitengela, huu mwaka wa nne, na mpangilio wetu kila mtu anaujua, praise ni zile nyimbo za haraka, tatu au nne, watu wanaruka mpaka vumbi linapanda, halafu worship ni zile za pole pole, Nzioka anashusha kinanda, watu wanafunga macho, wengine wanalia, na hapo ndipo tunasema sasa tumeingia.

Mwezi wa nne, mvua iliporudi, mama mkwe alikuja kukaa nasi ili amwone mtoto alivyokua. Ule ukame wa mwaka jana ulikuwa umewamaliza, walikuwa na ng'ombe thelathini na saba wakabaki wanne. Jumapili tulitoka pamoja kwenda kanisani, na njiani akainama kando ya barabara akang'oa nyasi kidogo akaishika mkononi, mimi nikafikiri ni ya kumchezesha mtoto. Sasa tuko katikati ya worship, macho yamefungwa, kinanda kiko chini, nikasikia sauti. Ni yeye. Amepiga magoti, ameinua ile nyasi, anaomba kwa Kimaasai, sauti inapanda, na mama wawili wa nyuma wakaanza kumwitikia, akasimama, mabega yanatingika, shanga zinalia, na mimi, Koko, nikaona aibu, kwa sababu kulikuwa na wageni kutoka Rongai na nikaona wamefungua macho. Nikampa Nzioka ishara aongeze sauti, nikavuta maiki karibu nikasema, "Wapendwa, huu ni wakati wa kutulia, tusimkatize Roho."

Akanyamaza. Akakaa chini na nyasi yake mapajani mpaka mwisho wa ibada.

Nyumbani nilimweleza kwa upole, nilifikiri ni upole, nikamwambia, "Yieyo, mama yangu, ile yako ilikuwa praise na sisi tulikuwa kwa worship, na hiyo nyasi watu watasema umeleta mila kanisani." Akanitazama kama vile mtu anaangalia mtoto ameanguka, akasema, "Sawa, mama. Sikujua Mungu hushukuriwa kwa zamu." Alikuwa ameweka ile nyasi kwa meza. Nikaitupa pamoja na maganda ya viazi. Jumanne akarudi kwao, mbele ya Isinya.

Tangu hiyo siku haimbi. Katoo alienda akarudi akaniambia hata kukamua anakamua kimya, na huyo ni mtu wa kuimbia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina lake. Mtoto wetu ana miezi mitano na bado hajapata baraka ya nyanya yake, na mimi ndiye sababu. Katoo hajanigombeza, afadhali angenigombeza, alisema tu, "Ulimzima mama yangu akishukuru."

Na juu ya hayo yote, Mchungaji Maundu amenipa kufundisha semina Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, waimbaji wa makanisa saba, na somo ni maana ya kusifu na kuabudu katika Biblia. Nimefungua Biblia wiki mbili sasa na sijaona mahali imeandikwa haraka wala pole pole. Nijiuzulu? Nikisimama, nifundishe nini? Na sauti ya mama nitairudishaje, Koko?

Mugure,
Kitengela, Juni 2006

*

Mugure,

Miaka sita! Mlikunywa maziwa yangu wewe na Katoo, mkapangusa midomo, mkaniambia, "Koko, tutarudi kabla mwaka haujaisha." Mwaka gani huo? Nimemzika mzee, nimebomoa nyumba nikajenga nyingine, meno mawili yamenitoka nikikungoja. Kimuka imehama? Mpaka uharibu ndio ukumbuke kwamba kuna kizee mahali? Haya. Nimemaliza. Kaa chini tuongee.

Mimi shule sikukanyaga, hata ile ya Jumapili. Biblia yangu ni ya kanda. Naweka redio hapo nikishona shanga, nasikiliza, na betri nilizomaliza ni nyingi kuliko mahubiri ya huyo Maundu wako. Ile kanda ya Ayubu nimeirudia mpaka imeanza kukoroma. Kwa hiyo nitakwambia nilichosikia, na wewe unayejua kusoma utafute ni ukurasa gani.

Sijasikia mahali popote Mungu ameuliza wimbo unakwenda mbio au unatembea. Nilimsikia Miriamu amechukua tari pale ng'ambo ya bahari, na wanawake nyuma yake, na alichoimba ni kilichotokea: farasi na mpanda farasi wameingia majini. Huko ndiko kusifu. Ni kumtaja Mungu kwa kazi yake, watu wakisikia. Mtu akikutolea ng'ombe kwa matope, hurudi nyumbani ukasema tu "ni mzuri, ni mzuri." Unasema ni ng'ombe yupi, matope ya wapi, na alivuta mkia au pembe. Nyinyi kwa hizo nyimbo zenu mnamwambia Mungu ni mkuu mara arobaini, na hakuna hata mmoja anayemkumbusha ni siku gani.

Na kuabudu? Ibrahimu alipowaambia watumishi wake wakae hapo na punda, yeye na mtoto wanaenda kuabudu, alikuwa ameshika nini? Kisu na moto. Kinanda hakikuwa hapo. Na Ayubu alikuwa mtu wa mifugo kama sisi. Aliletewa habari kwamba ng'ombe wameenda, kondoo wameenda, ngamia wameenda, mwisho watoto. Alinyoa kichwa, vile sisi hunyoa tukifiwa, akaanguka chini, akaabudu. Hapo ndipo nilizima redio mara ya kwanza nikalia. Kuabudu ni kushuka chini mbele yake wakati una kila sababu ya kumpa mgongo.

Sasa hesabu na mimi. Mwanamke amepoteza ng'ombe thelathini na watatu. Anaingia kwa kanisa la watu asiowajua, anapiga magoti. Hiyo ni nini? Halafu anasimama anataja. Wewe ulimwuliza alikuwa anataja nini? Hukuuliza! Miaka sita kwa boma la watu, na Kimaasai chako bado ni cha kuomba chumvi. Muulize Katoo akufasirie. Nina hakika aliwataja wale wanne waliobaki, kila mmoja na rangi yake, na akamtaja huyo mtoto wako.

Na nyasi. Mugure, wewe umeishi kwa ploti za mjini. Nyasi kwako ni kitu cha kufyeka ili nyoka asiingie. Huyo mama mwaka mzima alikuwa anaamka kumwinua ng'ombe kwa mkia ili asimame, na kesho yake hasimami. Akafika Kitengela, akaona jani la kijani limetoka kando ya barabara. Akalichukua akampelekea mwenyewe, Mungu, nyumbani kwake amwonyeshe: hili nimeliona, asante. Na wewe ukalitupa na maganda ya viazi. Niliposomewa hapo nilisema ngoja kwanza, nikatoka nje nikapumua.

Yule binti wa Sauli, Mikali, alimwona mumewe Daudi akiruka mbele ya sanduku la Bwana, akamdharau moyoni. Lakini Mikali alikuwa tu dirishani. Wewe ulikuwa na maiki.

Usilie. Yuko mwingine kwa kanda hiyo hiyo, mzee Eli kuhani. Alimwona Hana akiomba, midomo inacheza, akamwambia wewe umelewa. Kuhani mzima! Hana akamweleza, na Eli hakuanza kujitetea eti hekalu liko na utaratibu. Pale pale aligeuza maneno, akambariki. Ukikosa kama Mikali, bado unaweza kurudi kama Eli. Na wewe umeanza kurudi, nakuona. Hukuniandikia eti "niko na rafiki yangu alifanya hivi." Uliweka jina lako na maganda ya viazi yote mezani. Mtoto wa watu mwenye moyo kama huo hawezi kunishinda kumpenda.

Sasa sikiza, na Katoo asiende kwa niaba yako. Wa gazeti wameniahidi barua hii itatoka kabla ya semina, kwa hiyo huna kisingizio. Nenda wewe, na mtoto mgongoni. Usinunue mkate, usinunue soda, hiyo ni rushwa. Kabla ya kufika bomani, inama ung'oe nyasi kwa mkono wako mwenyewe, uingie umeishika. Kwetu mtu akija ameshika nyasi, hata aliyeinua fimbo huishusha. Inamisha kichwa mbele yake mpaka akiguse. Ukiwa hapo chini, useme, "Yieyo, nilikunyamazisha ukishukuru. Nilikosa." Nyamaza hapo. Usiongeze "lakini" wala "unajua wageni walikuwa." Halafu mweke mtoto mapajani mwake, uchukue kibuyu, ukamsaidie kukamua.

Na usimwambie aimbe! Mtu si redio. Akikamua kimya, kamua kimya. Lala huko. Asubuhi, kamua tena. Siku yenyewe akifungua mdomo, hata kama ni jina la ng'ombe mmoja tu, usiitikie juu yake. Itikia chini yake, vile wale mama wawili wa nyuma walijua kufanya bila semina.

Kujiuzulu sitaki kusikia. Mungu alikupa koo zuri, nililisikia hapa kwangu ukiosha vikombe, nikasimamisha ushonaji. Simama mbele ya hao waimbaji wa makanisa saba, na kabla hujafungua Biblia, waambie habari ya nyasi. Yote, na maiki ikiwa mkononi mwako. Halafu umwambie kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho Mungu alimfanyia, na mahali, na siku. Wataona ugumu, utaona. Nyimbo zenu za haraka ziimbeni, za pole pole pia ziimbeni, hata mimi mabega yangu bado yanafanya kazi. Lakini acheni nafasi katikati, Nzioka aondoe vidole kwa kinanda, na mngoje mama wa nyuma.

Na kwangu mtakuja, mvua hii ikiisha, hilo si ombi. Mama mkwe wako atangulie, wewe nyuma yake na mtoto. Mkifika kwa lango usibishe, wala usiniite. Mwache aimbe. Nikimsikia, nitatoka mwenyewe kuwafungulia.