Miche ya Okidi na Maji ya Kisima cha Baba

Nyumba ya Pembeni,
Mtaa wa Mafundi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na shemeji hajambo? Na mwanao, Chiriku wetu, bado anaongea mpaka usingizini? Sisi huku tunasema hatujambo kwa kuwa salamu hudai jibu hilo. Mimi naenda kazini na kurudi. Mama yupo, ila mikono yake si ile uliyoiacha.

Ujumbe wangu wa jana umeupata: mpeleke mtoto akapimwe damu. Umejibu, "Kwa nini? Mbona unanitisha?" Kwa simu ningelia nikakuchanganya. Nataka uyapate yote kwa mpangilio, tena nimekuwekea humu karatasi ya vipimo umwonyeshe daktari. Kaa chini, Dada, usome polepole.

Habari inaanzia kwenye maua yako ya okidi. Uliponiachia ile chupa yenye miche thelathini na mmoja, kila mmoja kama ukucha wa mtoto, ulinionya kuwa ua la kwanza, lile lenye mfuko kama ncha ya kiatu, lingechukua miaka sita au saba. Nilicheka. Sasa ni mwaka wa nne, na mche mkubwa kuliko yote haujafikia kidole changu cha mwisho. Mama huiita "wavivu wako".

Lakini niliitunza, Mungu ni shahidi. Niliiweka kwenye dirisha la bafuni, penye mwanga usio na jua kali. Niliikatia magome ya msonobari vipande vidogo kama punje za mahindi, iote humo badala ya udongo. Maji niliipa kwa kijiko cha chai, pembeni, yasije yakatuama katikati ya majani ikaoza.

Mwaka jana ncha za majani zikaanza kuwa kahawia. Nikadhani jua, nikatundika pazia. Nikadhani ukungu, nikapaka dawa. Nikamshuku hata Mama na sabuni zake. Ukafa mche mmoja, ukafuata wa pili, mpaka ikafika tisa. Nilipoung'oa ule wa tisa nikakuta mizizi imeungua, myeusi, kana kwamba mtu kaipitisha motoni.

Nikampelekea Mzee Mizizi, yule muuza maua wa mbele ya hospitali. Majani hakuyatazama. Alipangusa gome kwa kidole, akanionyesha unga mweupe, kama chumvi iliyoachwa na maji.

"Unainywesha maji gani?"

"Ya kisima chetu. Hayo hayo tunayokunywa sisi."

Akanirudishia ule mche. "Igawe mafungu mawili. Moja lipe maji ya mvua, la pili liendelee na ya kisima. Kisha usubiri. Hii si mchicha, haitakujibu kesho."

Nilisubiri wiki kumi. Fungu la mvua, miche kumi na mmoja, likatoa ncha mpya za mizizi, kijani kibichi. Fungu la kisima likafa lote. Hapa ndipo panaponichoma, Dada. Wiki kumi nilikuwa nachungulia mizizi kwa kioo cha kukuzia, na wiki kumi hizo hizo nilikuwa narudi jikoni kumkorogea Mama uji kwa maji yale yale. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliyatumia macho yangu kutazama mimea.

Maana dalili zilikuwapo. Mama alikuwa anashika tumbo kila akila. Vikombe vilimponyoka. Kiganja cha kulia kikawa kinaning'inia asipokishikilia. Tukasema uzee, tukasema baridi.

Nyuma ya ukuta wetu, hatua kumi na tano kutoka kisimani, kuna karakana ya kuvunja betri kuukuu za magari, iliyofunguliwa mwaka juzi. Wanazipasua kwa shoka, tindikali wanaimwaga chini. Mwenyewe ni mtu wa watu. Nusu ya mtaa wanapata riziki kwake, na hata betri inayowasha taa zetu alitupatia bure.

Nikajaza maji kwenye chupa safi za maabara ya shule ninayofundisha, nikayapeleka hospitali. Mpimaji akanipigia simu mwenyewe. "Ni risasi," akasema. Nilipomwambia Mama, akaruka: "Nani kapigwa?" Siku nyingine tungecheka. Nikamweleza kuwa ni madini, yale yaliyomo ndani ya betri, na kwamba hayana harufu wala ladha.

Alikasirika kama sijawahi kumwona. "Kisima hiki kachimba baba yenu kwa mikono yake. Kimewanywesha tangu mnatambaa. Leo ndiyo kina sumu?"

Nikaanza kuleta maji ya madumu kutoka mbali. Akawa anayaoshea vyombo. Ya kunywa akaendelea kuchota kisimani alfajiri, kabla sijaamka.

Jumatano akaja mwenye karakana. Sijui nani alimpenyezea habari. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Mama kwa heshima zote, kisha akanigeukia akitabasamu. "Dada yangu, kisima kikipata jina baya, mtaa mzima unapata jina baya. Na mtaa una watu wengi." Akavaa viatu, akaenda. Kesho yake tangazo nililobandika langoni kuwatahadharisha majirani lilikuwa limechanwa. Muuza mkaa, tuliyekuwa tukitaniana kila asubuhi, sasa akiniona anainamia magunia yake.

Ijumaa tulipewa majibu ya damu ya Mama, aliyekubali kupimwa kwa ajili ya mkono tu. Ni mabaya. Ameanza dawa, ila mkono huenda usirudi. Alisikiliza yote akiwa mkavu. Kisha daktari akauliza, kama mtu anayejaza fomu tu, "Kuna mtoto mdogo aliyewahi kunywa maji haya? Watoto huumizwa na kiasi kidogo sana."

 Mimi na Mama tuliukumbuka ule mwezi wa Desemba mliokaa kwetu: Chiriku ndani ya beseni pale kisimani, na Mama akimpikia uji, akijisifu kwamba hakuna maji matamu kama hayo.

Jana asubuhi nilimkuta kisimani na kisu cha mboga, anakata kamba ya ndoo. Mkono haukuwa na nguvu, kisu kikawa kinateleza. Nilipomsogelea akasema, "Niache. Nilimnywesha mimi." Kamba ilipokatika tukaisikia ndoo inapiga maji huko chini. Ndipo akasema, "Mwandikie dada yako. Usimfiche hata neno."

Wiki ijayo tunahamia nyumba za walimu. Afisa wa afya nimempelekea nakala ya vipimo. Amesema atakuja, hajaja. Leo ni Jumapili, lakini ninapoandika nasikia shoka nyuma ya ukuta, na majirani wanne bado wanachota visimani mwao.

Usingoje dalili, Dada. Mama naye mwanzoni hakuwa nazo. Nawe upimwe, ulikunywa, kama nami nitakavyopimwa.

Msalimie sana shemeji, na shangazi aliye huko nanyi. Chiriku mbusu mashavu yote mawili. Mama anawasalimu. Ameniambia niandike kuwa anaomba radhi. Nilikataa, maana kosa si lake, lakini ndivyo alivyosema. Mungu awatangulie kwenye mlango wa daktari, na majibu yawe mepesi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ninayelala na simu mkononi mpaka utakapopiga.