Dawa Yako ya Usingizi, Mama

Kwako mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Miguu inasemaje siku hizi? Na kile kikohozi cha baridi, kimekuachia au bado kinakusumbua? Sisi huku hatujambo kabisa. Mkweo anakuamkia, na anaomba usimcheke sana ukisoma yaliyomo humu.

Najua umengoja barua mpaka umechoka. Nilitaka kwanza niwe na habari nzuri ya kukupa.

Siku ile kwenye simu nilikwambia tu kwamba silali. Sababu niliificha, nisije nikakupandisha presha. Mama, mzigo uliniponyoka. Nilikuwa kazini kwenye ujenzi, juu kwenye kibanda cha winchi, nashusha nondo, mnyororo ukakatika upande mmoja. Nondo zikamwagika chini kama njiti za kiberiti, na msimamizi wetu akavunjika mguu. Wakaguzi walikuja, wakasema mnyororo ulikuwa umeliwa kwa ndani na kosa si langu. Lakini mwili haukuwasikia wakaguzi. Nikifumba macho tu, nasikia zile nondo. Mchana mikono inatetemeka hata kikombe kinagongagonga kisahani. Nikaomba kazi ya stoo. Mimi, mwanamke wa kwanza kupanda winchi pale, nikawa nagawa glavu!

Ndipo dada akaniletea kifurushi chako: mchaichai, maua makavu ya mchungwa, na kile kimzizi ambacho jina lake hulitaji hata kwa wanao. Alinikaririsha maagizo yako yote. Maji yachemke kwanza ndipo majani yaingie, sufuria ifunikwe, ninywe nimekaa, simu iwe chumba kingine, na nisiongee neno mpaka kikombe kiishe. Mkweo alicheka, akasema mama mkwe sasa anatulisha nyasi.

Kikombe cha kwanza sikuona kitu ila uchungu. Niliendelea kwa sababu ni wewe umetuma. Halafu asubuhi moja nikaamka jua limejaa chumbani, na mkweo ameketi pembeni ya kitanda, ameshavaa, ananitazama. Alikuwa amekubali kuchelewa kazini kuliko kuniamsha. Jioni yake alijimiminia kikombe bila kukaribishwa. Sasa anakoroma mpaka vioo vya dirisha vinaitikia.

Daktari wa kampuni nilimweleza kila ninachokunywa. Hakubeza hata kidogo. Alisema ni vizuri usingizi umerudi, ila hofu yenyewe inataka kuzungumzwa, akanielekeza kwa mshauri. Mshauri naye akaniuliza kama nimekwenda kumwona msimamizi. Nilikuwa nimemkwepa, mama. Nikaenda. Nilimkuta kwenye kochi, mguu umenyooshwa juu ya stuli, plasta imejaa michoro ya wanawe. Nilianza kulia kabla sijaketi. Aliningoja nimalize, akasema, "Mguu wangu unapona. Wewe huko chini unangoja nini?"

Basi nikapanda. Minyororo yote ilikuwa mipya, na niliikagua mwenyewe kabla ya kugusa ngazi. Kazi iliyokuwa mbele ilikuwa boriti kubwa ya mwisho ya paa. Mafundi wote waliweka vifaa chini wakatazama juu, hata wale wavivu wa kuinua shingo. Niliinyanyua, nikaizungusha, nikailaza mahali pake taratibu kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Mikono ilitulia, mama. Nikasikia wanapiga makofi kule chini, na msimamizi, aliyekuja kunitazama, anagonga magongo yake yote mawili. Niliposhuka waliniuliza nimepewa dawa gani. Nikajibu kwa sauti, ili asiwepo wa kusema hakusikia, kwamba ni dawa ya mama yangu, na mama yangu yu hai, ana akili kuliko sisi wote. Wewe hukuwepo, lakini siku ile ilikuwa yako.

Sasa vuta kiti ukae. Dawa yako nimeiacha.

Usinune kwanza. Si wewe uliyekuwa ukiwarudisha wajawazito mlangoni, ukiwaambia kimzizi hiki si chao hata tone moja? Umenielewa? Ndiyo, mama. Baada ya miaka yote ile ya kuambiwa tuwe na subira. Daktari amepima, akarudia kupima kwa sababu sikumwamini. Nitashuka tena kwenye winchi, lakini safari hii nimeinua kichwa, na kiti changu namwachia binti mpya aliyeajiriwa, ninayemfundisha sasa. Nalala fofofo bila kikombe. Asiyelala sasa ni mkweo: anazunguka sebuleni kwa furaha, anahamisha viti, anajaribu majina kwa sauti. Kwa hiyo majani usiache kutuma. Mnywaji ni yeye.

Msalimie dada na watoto wake, na jirani yako mpenda habari, ila hii ya mwisho umwambie wewe mwenyewe, nisikunyime raha hiyo. Ubaki salama, mama.

Ni mimi kitindamimba wako,
ambaye naye sasa ana mimba.